Manyoya Meupe ya Bwana Harusi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Miwani alifungua banda la kuku, akasugua vyombo vyao vya maji kwa mchanga, kisha akaweka kigoda karibu na mlango wa banda. Shangazi alikuja akipapasa ukuta, akakaa, akanyoosha mikono. Miwani alimpa kuku mmoja baada ya mwingine. Shangazi aliwapima uzito kwa viganja, akagusa mfupa wa kifua kama umenyooka, akapitisha kidole kwenye kilemba, ile nyama nyekundu ya kichwani, akahesabu meno yake.

"Vidole vyangu vinajua kila kitu isipokuwa rangi," alisema mara nyingi. "Rangi niambie wewe."

Miwani halikuwa jina lake la kuzaliwa. Shangazi ndiye aliyembandika. Zamani alikuwa fundi cherehani, lakini kisukari kilimla macho polepole, mpaka akabaki kuona mwanga wa dirisha na vivuli vya watu tu. "Miwani ya dukani imenishinda," aliwaambia majirani huku akicheka. "Nimebaki na hii yenye miguu miwili." Mtaa mzima ukamwita msichana huyo Miwani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu mama yake afariki hakuwa na mtu mwingine ila Shangazi.

Kuku wa Shangazi hawakuwa kuku wa mchuzi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akichagua majogoo na mitetea ili apate kizazi kinacholingana na viwango vya maonyesho. Walitakiwa wawe weusi tii toka shingoni hadi mkiani, wenye mng'ao wa kijani juani. Kilemba kilitakiwa kiwe na meno matano, na miguu iwe na rangi ya mkaa. Unyoya mweupe, hata mmoja, ulitosha kumtoa kuku mashindanoni.

Mwaka ule kulikuwa na mapora wawili, majogoo wachanga waliokaribia kuwika. Mmoja alikuwa mweusi safi, ila kilemba chake kililala upande. Wa pili alikuwa na umbo zuri ajabu, na alitembea kwa madaha, kifua mbele, hata Miwani akamwita Bwana Harusi. Mmoja wao ndiye angekuwa baba wa vifaranga wote wa msimu.

Siku ya kuchagua, Shangazi alirudi kutoka hospitali akiwa ameshikwa mkono na jirani yao, seremala. Alikaa kwenye kigoda bila hata kuvua viatu.

"Daktari amesema macho haya tuyasahau," alisema. Kisha akajaribu kutabasamu. "Haya, nipe mapora wangu. Leo nataka kusikia jambo zuri."

Miwani alimshika Bwana Harusi, akafunua bawa la kushoto. Ndani ya bawa kulikuwa na manyoya mawili mapya, meupe pe.

"Vipi, kuna weupe?" Shangazi aliuliza.

Miwani alitazama uso wa Shangazi uliochoka. Akayashika manyoya yale mawili, akayang'oa. Jogoo alipiga kelele.

"Mbona analia?"

"Nimemminya kidogo, Shangazi. Hakuna weupe. Mweusi tii."

Uso wa Shangazi ulichangamka. "Basi ndiye huyu," alisema. Yule pora mwenye kilemba kilicholala alichinjwa wiki ileile.

Vifaranga walipoanguliwa walikuwa na weupe tumboni. Miwani hakushtuka, kwa kuwa vifaranga weusi huzaliwa hivyo, na weupe huwatoka wakiota manyoya. Alisubiri. Wiki zikapita, vifaranga wakawa wakubwa, lakini ndani ya mabawa yao weupe haukutoka. Kuanzia hapo, kila Jumamosi Shangazi alipokuwa amelala mchana, Miwani aliingia bandani na kung'oa. Baada ya wiki chache manyoya yaliota tena, meupe vilevile.

Jumamosi moja Pacha, rafiki yake wa darasani, alimkuta bandani na kuku mapajani.

"Unamnyonyoa akiwa mzima?" Pacha aliuliza, macho yamemtoka.

"Funga mlango! Usiseme kwa sauti."

"Si umwambie tu Shangazi yako?"

"Nikimwambia atavunjika moyo. Hana kitu kingine."

Pacha aliwatazama kuku waliojibana kwenye pembe ya banda. "Zamani walikuwa wakikurukia mabegani," alisema. "Siku hizi wanakukimbia kama wamemwona paka."

Miwani aliendelea kung'oa. Alikuwa amekwisha kuliona hilo.

Siku ya maonyesho ilikuwa ya mawingu na manyunyu. Seremala aliwapeleka kwa gari lake, Bwana Harusi akiwa ndani ya tenga. Ukumbi ulijaa vizimba vya waya vilivyopangwa juu ya meza ndefu, na harufu ya pumba na manyoya mabichi. Mwamuzi alikuwa mama mmoja mrefu aliyevaa koti jeupe. Shangazi mwenyewe ndiye aliyemshonea koti hilo, enzi za kuona.

Mwamuzi alimtoa Bwana Harusi kizimbani, akampima, akasifu kilemba. Kisha akafunua bawa la kushoto na kuligeuzia kwenye mwanga.

"Dada," alimwambia Shangazi kwa sauti ya chini, "jogoo huyu amenyonyolewa. Kuna tundu lililo wazi, na hapa unyoya unachomoza. Ni mweupe."

"Haiwezekani," Shangazi alisema.

Mwamuzi alimgeukia Miwani. "Binti, nani ameng'oa manyoya haya?"

Miwani alijibu akitazama chini. "Wenzake... wenzake walimdonoa, mama."

"Umesikia?" Shangazi alifoka, na ukumbi mzima ukageuka. "Tumejuana miaka yote hii, leo unaniita mdanganyifu mbele za watu? Mtoto huyu ndiye macho yangu! Ukisema anadanganya, umesema mimi sina macho kabisa!"

Mwamuzi aliinamisha kichwa. Alionekana mwenye haya. "Pengine nimekosea," alisema taratibu, akachukua kalamu. "Kama mtoto anasema wamemdonoa, nitaandika hivyo."

Ilibaki Miwani anyamaze tu, na mambo yangekwisha. Aliiona kalamu ikishuka kwenye karatasi, akamwona Shangazi alivyokasirika kwa kumtetea yeye.

"Usiandike, mama," alisema, na machozi yakamtoka. "Ni mimi. Niliyang'oa mimi."

Shangazi aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyorudi kutoka hospitali."

"Na wale wa nyumbani?"

"Karibu wote, Shangazi."

Shangazi alishika ukingo wa meza. Hakumpiga wala kumkaripia. Miwani alitamani angemkaripia.

Seremala aliwarudisha nyumbani. Asubuhi iliyofuata Miwani aliweka kigoda mlangoni, lakini Shangazi hakutoka. Siku ya pili na ya tatu, vilevile. Miwani alichukua daftari, akaingia bandani. Bila kung'oa chochote, alimkagua kila kuku na kuandika alichokiona: bawa gani, manyoya mangapi. Mitetea wa zamani walikuwa wamekwisha kuuzwa, na kuku waliobaki walikuwa thelathini na wanne. Wasio na weupe walikuwa matembe watano tu, mitetea wachanga ambao hawajaanza kutaga.

Siku ya tano mwamuzi alibisha hodi, amebeba tenga. Miwani alimpa daftari. Mwamuzi alilisoma lote kwa sauti, amesimama kwenye mlango wa chumba cha Shangazi.

"Haya ni maandishi ya mtu anayesema kweli," alisema alipomaliza. "Dada, nimekuletea jogoo wangu wa kuazima. Si mzuri wa kutazama, lakini ukoo wake hauna weupe. Ukimweka na hawa matembe watano, baada ya miaka mitatu au minne utakuwa umerudi pale ulipokuwa."

"Miaka mitatu," sauti ya Shangazi ilisikika kutoka ndani. "Kufikia hapo sitaona hata dirisha."

Hata hivyo alitoka. Siku ileile kuku wenye weupe walitolewa, wakachukuliwa na muuza nyama ya kuku. Bwana Harusi pia alichukuliwa. Miwani ndiye aliyemtia kwenye tenga, naye alijitupa huku na huku kwa kumwogopa.

Banda lilipobaki karibu tupu, Shangazi alimwita Miwani akae chini karibu naye.

"Ulidhani unaniepusha na huzuni," alisema. "Ungeniambia siku ile, ningelia, na kesho yake ningemchagua yule pora mwingine. Ulinidanganya, nami nikajenga juu ya uongo huo mwaka mzima. Nikamtukana rafiki yangu kwa sababu yake. Mimi sihitaji kuambiwa mazuri, mwanangu. Nahitaji kuambiwa kilichopo, hata kama ni kibaya, maana kibaya ninachokijua naweza kukirekebisha. Na si vipofu peke yao. Kila mtu anahitaji hivyo."

"Bado umenikasirikia, Shangazi?"

"Bado. Itachukua siku nyingi." Shangazi alinyoosha mikono. "Nipe huyo jogoo mgeni."

Miwani alimfunua jogoo bawa moja, kisha la pili, akarudia tena.

"Hana weupe. Nimeangalia mara mbili. Ila kilemba kina meno sita, mkia mfupi, na kidole kimoja cha mguu kimepinda."

"Mguu upi?"

"Wa kulia."

Shangazi aliushika mguu wa kulia wa jogoo, akapitisha vidole vyake polepole, kidole kwa kidole, mpaka akafika kwenye kile kilichopinda. Akakaa nacho mkononi.

"Ndiyo," alisema. "Wa kulia."