Injini Iliyokunywa Mawese

Kwanza ulikuja moshi wa buluu, ukatanda nyuma ya pikapu hadi njia isionekane. Kisha injini ikapiga ukelele ambao Hilali hakuwahi kuusikia katika miaka ishirini ya kushika usukani. Akaondoa mguu kwenye mafuta, haikupungua. Akatoa gia, akakanyaga breki, gari likasimama katikati ya mteremko likitetemeka. Akazima, akachomoa ufunguo kabisa. Ufunguo uko kiganjani, na injini inazidi kulia.

"Inakunywa oili yake!" fundi Venanti alipiga kelele huku akiruka chini. "Haizimiki kwa ufunguo!"

Akafungua boneti, akavua koti, akalikunja na kulisokomeza kwenye bomba la kuvutia hewa. Hilali akavuta breki ya mkono nusunusu, akashuka mbio kwenda mbele kuona mtu huyu anaifanya nini injini yake. Injini ikakohoa, ikakosa pumzi, ikafa. Katika ukimya ule gari, likiwa na madumu thelathini ya mawese mgongoni, likaanza kuteleza. Venanti aliruka pembeni. Hilali hakuwahi. Bampa lilimbana mguu kwenye kisiki cha mninga, na mfupa chini ya goti ukavunjika kwa sauti waliyoisikia wote wawili.

Ilikuwa Septemba 2013, kwenye njia ya warina asali, porini mashariki ya barabara ya Kasulu na Kibondo. Simu haikushika mtandao, na kijiji cha karibu kilikuwa mwendo wa siku mbili kwa mtu mwenye miguu yote.

Venanti alilirudisha gari nyuma kwa jeki na gogo, akamtoa Hilali, akaunyoosha mguu. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi. Alibandua magome ya mti, akayafunga pande mbili kwa vipande vya shati lake. Hilali aliuma mkanda wake na kumtazama fundi usoni muda wote. Alichokuwa akikitafuta humo ni furaha ya kumwona akiumia.

Tuseme ukweli, hakuwa na sababu ya kuitafuta. Pikapu ile ilikuwa imetembea kilometa laki nne na themanini, na kila fundi wa Kasulu alishamwambia aiuze kama chuma chakavu. Venanti peke yake alikubali kuitengeneza. Alishusha injini, akachonga silinda zote nne, akaweka pistoni mpya, ringi na beringi. Hilali akataka zaidi: gari lipande vilima vya Muyama na mzigo bila kupumua. Venanti akamfungia tabo, ile pampu inayoisukumia injini hewa kwa nguvu ya moshi wake, akampa na sharti.

"Tajiri, ukisimama usizime papo hapo. Iache ingurume dakika mbili, tabo lipoe. Ukizima ingali ya moto, oili inaungulia ndani yake."

Hilali aliitikia kwa kichwa, kama tunavyowaitikia mafundi wote. Wiki tatu baadaye moshi ulipoanza, alimlazimisha fundi wasafiri pamoja kupeleka mawese kambi ya warina asali, ili gari likiharibika liharibikie mikononi mwake. Venanti alizaliwa Kibondo kwa wazazi waliotoka Burundi, na uraia alikuwa nao kwenye karatasi. Lakini mwezi ule wa msako wa wahamiaji haramu watu walikuwa wakiulizana asili hadi sokoni, na Hilali naye alikuwa ameanza kuhesabu nani ni nani.

Siku ya kwanza walikuwa na lita tano za maji. Venanti alimpa Hilali maji kwa kifuniko cha dumu kila mara jua liliposogea, yeye mwenyewe akalamba tu midomo. Mbung'o waliwauma hadi kwenye kope. Jioni fundi alifungua tabo, akaja na kibomba chembamba cha oili. Alikigonga kwenye jiwe, pakadondoka makaa meusi.

"Oili imeungua humu ndani. Tajiri, umekuwa ukizima likiwa la moto?"

"Kamwe," Hilali alijibu, upesi kuliko ilivyohitajika. "Labda hilo tabo lako ulilonunua soko la Mabamba lilikuwa bovu. Labda ulijua."

Venanti alikifuta kibomba kwa nyasi, akakitia mfukoni. Kwa nini akifiche? Hilali aliona hiyo ni kesi dhidi yake inatayarishwa. Aliuingiza ufunguo ndani ya soksi ya mguu mzima, akalala mguu huo ameukunja.

Alfajiri fundi hakuwepo. Hilali alimwita hadi koo likamkauka. Juu ya vumbi, hatua chache tu kutoka magurudumu, kulikuwa na nyayo za simba ambazo jana hazikuwepo. Basi fundi huyo amekwenda kuwaita wenzake. Njia zile zilikuwa na majambazi, kila mtu Kasulu anajua. Aliogopa, akalia kwa hasira, na homa ikaanza kumpanda kutoka kwenye mguu.

Jua lilipokuwa la utosi Venanti alitokea, matope hadi mapajani, na dumu la maji ya kinamasi yanayonuka.

"Ulikuwa wapi?"

"Maji ni mbali."

"Na nani?"

"Na vyura, tajiri. Yachemshwe kwanza, usinywe hivyo."

Kisha akakoka moto mkubwa kuliko wa kuchemsha maji, moshi ukapanda juu ya miti. "Unawaonyesha wenzako tulipo!" Hilali alimkemea. Venanti alikwenda nyuma ya gari, akashusha dumu la mawese, akaliweka karibu na makaa. Mawese yalikuwa mazito kama uji uliolala.

"Injini imekunywa karibu oili yote," alisema. "Tabo nalitoa. Kile kibomba chake cha oili nakiponda mdomo kisivuje, hewa naipitisha moja kwa moja kama zamani. Lakini sampo, lile bakuli la oili, haiwezi kubaki kavu. Nayayeyusha haya, nijazie."

"Mawese? Ndani ya injini niliyoilipia nikabaki sina kitu?"

"Yatailainisha kidogo. Hayatadumu."

"Unataka kuiua kabisa."

Venanti alichuchumaa karibu naye. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mimi nimeitengeneza kwa mikono hii! Sikia huo mguu unavyonuka. Kukubeba siwezi, kuna simba. Kukuacha siwezi, Imana, Mungu wangu, ananiona. Imebaki injini tu. Nipe ruhusa."

"Ufunguo sikupi."

"Sijaomba ufunguo. Nimeomba mawese."

Hilali aligeuza uso. Fundi alichukua kimya hicho kuwa ndiyo, akafanya kazi hadi giza likamfukuza kwenye spana.

Siku ya tatu Hilali aliamshwa na mngurumo. Injini ilikuwa inawaka! Bomba la moshi lilikuwa limefunguliwa, ikinguruma kama mashine ya kusaga, na harufu ya maandazi imejaa porini. Alipapasa soksi, ufunguo ulikuwepo. Venanti alikuwa nyuma ya usukani. Basi anaondoka. Hilali alijikokota kwa viwiko, mchanga ukimwingia mdomoni, akimtukana yeye na waliomzaa. Mlango ukafunguliwa. Venanti alishuka, akamkwapua na kumlaza kwenye kiti.

"Ufunguo ninao mimi," Hilali alisema kijinga.

"Ni ya dizeli hiyo. Waya mbili zinatosha. Ningetaka kukuacha, ungeendelea kulala."

Walitembea polepole kuliko baiskeli. Kila baada ya muda Venanti alisimama, akaiacha injini ingurume, akachungulia kijiti cha oili, akaongeza mawese ya moto kutoka kwenye sufuria aliyoishika kati ya magoti. Mguu wa Hilali ulikuwa mweusi kuzunguka jeraha. Homa ilimpeleka nyumbani, sokoni, kwenye safari za zamani, na kila tuta lilimrudisha kwa maumivu kama ya kisu. Walipofika juu ya kilima kirefu, barabara kuu ikaonekana chini, nyekundu. Gari likaanza kushuka.

"Zima," Hilali alisema macho ameyafumba. "Zima, liteleze lenyewe. Tuokoe mafuta."

Maneno yalikuwa yameshatoka. Madereva wa vilima hivi wote hushuka injini imezimwa. Ni desturi iliyowashika kama swala tano, na Hilali alizima kila mteremko tangu siku ya kwanza alipokabidhiwa tabo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nalo lilikuwa hapo, limefungwa magome.

"Kumbe ndivyo," Venanti alisema.

Aliiacha injini ingurume hadi chini. Aibu ilimshika Hilali. Alitaka kusema samahani, lakini neno hilo hakuwa amelizoea.

Saa tisa waliingia Kasulu. Kwenye maduka ya kwanza watu walilizingira gari, mbele yao Salumu, mdogo wake Hilali. Walimvuta Venanti nje kwa kola ya koti. Mmoja alimzaba kofi, mwingine akaita kamba.

"Mwacheni!" Hilali alisema. "Amenitoa porini."

"Kaka, homa hiyo inakusemesha. Mkewe tumemfungia stoo tangu jana."

"Mke wa nani?"

"Immakulata, mke wa huyu. Si wewe uliniambia usiku wa kuamkia safari, usiporudi kwa siku mbili nimshike yeye, ili Mrundi asikimbie?"

Kweli, Hilali alikuwa amesema hivyo. Alikuwa ameyasema akila, akinawa mikono, kwa wepesi. Venanti alimtazama kupitia dirisha la gari, damu kwenye mdomo. Siku tatu Hilali alikuwa ameutafuta ubaya katika uso ule, na sasa alitamani auone, apate pa kuegemea.

"Nipelekeni huko stoo," alisema.

"Hospitali kwanza! Mguu umeoza!"

"Nimesema huko. Na anaendesha yeye."

Salumu alifungua kufuli. Immakulata alitoka akiziba macho kwa mwanga, kitenge kimejaa vumbi la unga. Hilali alifungua mlango wa gari, akajishika asianguke, akasema kwa sauti ili mtaa mzima usikie: "Gari nililiua mimi. Nilikuwa nalizima kwenye miteremko, fundi alinikataza. Mguu nimeuvunja mwenyewe. Mama, mumeo hana kosa, na wewe nimekukosea."

Immakulata alimtazama mumewe midomo, kisha mikono iliyobabuka kwa mawese ya moto. Halafu akautazama mguu wa Hilali, na watu waliokuwa bado wamesimama, na yule mwenye kamba.

"Nenda hospitali, tajiri," alisema. "Nenda upesi. Ukifia hapa, watasema ni sisi."

Venanti alikuwa ameshapanda tena kwenye usukani.