Shikamoo ya Mzee Stefano

Jioni hiyo tulikuwa tunakwenda kuomba lori tu. Mimi na baba yangu, Mzee Donati. Miwa yetu ilikuwa imeshachomwa, imelala shambani nyeusi, na mtu yeyote wa Kidodi atakwambia: miwa ikishaungua usipoiwahisha kiwandani, inachacha na sukari yote inakimbia. Ilikuwa jasho letu la mwaka mzima. Na malori yalikuwa kwa mtu mmoja tu, Kasian.

"Fausta," baba akaniambia njiani, "wewe leo unanisindikiza tu, kwa sababu macho yangu hayaoni vizuri gizani. Tukifika pale usimwamkie mtu. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

"Hata akikukodolea macho."

"Baba, nimesikia!"

Nilimjibu kwa ukali kwa sababu nilikuwa naogopa. Ngoja nikueleze hao akina Kasian walivyopanda, ndipo utaelewa.

Baba yao, marehemu Lukasi, alikuwa mfagizi. Watu wa kawaida kabisa, walikuwa wakiishiwa chumvi wanakuja kuomba kwetu. Ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa, kila mwenye ujanja akakimbilia Dar. Kasian naye akaenda, akarudi na lori. Haukupita muda yakawa malori matatu, nyumba ya bati jipya hapa, na nyingine Mikumi, pale barabara kuu. Watu wa Malolo wakawa wanamngoja na vitunguu vyao, sisi tunamngoja na miwa yetu. Uchifu ulishafutwa tangu mimi sijazaliwa, lakini watu wakaanza kumwita Chifu. Mwanzo kwa utani. Baadaye utani ukaisha.

Na wala hakuwa na makuu. Hakuomba kuku, hakuomba mbuzi. Alitaka kitu kimoja tu: umwamkie. Shikamoo. Wewe mzee wa miaka sabini umwamkie kijana wa thelathini na kitu! Naye anafumba macho, anaitikia polepole kama mtu anayekunywa.

"Marahabaaa..."

Wa kwanza kukubali alikuwa Mzee Stefano, aliyekuwa mwenyekiti wetu wa kijiji. Sauti yake kwenye mikutano ilikuwa inaamsha hata waliolala majumbani. Alimwamkia Kasian, na miwa yake ikabebwa kesho yake. Msimu haujaisha, Mzee Stefano akaanza kupotea njia ya kwenda kwake. Halafu akawa analilia uji. Halafu akawa anawaita wajukuu zake kaka na dada. Kasian akamchukua akamlea kwake, na kanisani watu wakamsifu kwa moyo wake mwema.

Wakafuata wazee wengine. Na jinsi wazee walivyozidi kurudi utotoni, ndivyo akina Kasian walivyozidi kuwa wakubwa. Kasian akaota mvi, mvi za heshima, zimekaa vizuri. Hata binti yake wa chekechea, wanawake wazima walikuwa wanamwamkia, na yule mtoto anaitikia bila kucheka.

Ndiyo maana baba aliapa. "Yule nimemfuta makamasi kwa mkono huu. Siku nitakayomwamkia, mjue nimeshakufa."

Basi tukafika. Jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya nyumba. Kasian alikuwa amekaa barazani kwenye kiti kirefu, mguu juu ya mguu.

"Karibu, Donati."

Donati tu. Hakusema mzee.

"Habari za jioni," baba akajibu.

Kasian akachezesha mguu.

"Miwa inasemaje?"

"Imeungua. Naomba lori."

"Lori lipo." Kasian akatabasamu. "Nisalimie vizuri, lije."

"Nimeshakusalimia."

Nilisikia fahari. Baba alisimama wima, fimbo yake mkononi. Kasian alimtazama tu. Hakuwa na haraka.

Ndipo nikasikia kitu chini, upande wa mlangoni.

Kle... kle... kle...

Vizibo vya soda vinagonganishwa. Na harufu ikanijia, harufu ya mtoto mchanga, ya maziwa yaliyocheuliwa. Lakini nyumba ile haikuwa na mtoto mchanga.

Nikainamisha macho. Kwenye mkeka alikuwa amekaa Mzee Stefano, miguu ameinyoosha, kitambaa kimefungwa shingoni cha kuzuia udenda. Alikuwa anapanga vizibo. Akainua uso, akaniona. Akacheka kwa ufizi mtupu, furaha tupu.

"Shikamoo," akasema kwa sauti nyembamba.

Sasa nisikilize vizuri. Nilikuwa nimejilinda. Njia nzima nilikuwa najiambia, Fausta, usiseme shikamoo, usiseme shikamoo. Neno hilo nilikuwa nimelibana kwa meno. Lile lingine sikulifikiria kabisa. Nani angelifikiria? Ukiamkiwa unaitikia. Tumelelewa hivyo, mdomo unajibu kabla hujajua aliyesema ni nani.

"Marahaba," nikasema.

Mungu wangu!

Nilihisi mikono miwili imenishika vifundo vya miguu. Nikatazama. Hakuna mkono. Lakini joto lilipanda, magotini, tumboni, kifuani, na mdomo ukanijaa utamu, utamu wa muwa uliomenywa sasa hivi. Sitakudanganya. Ulikuwa utamu ambao sijawahi kuuonja maishani.

Kizibo kikadondoka. Mzee Stefano akainamisha kichwa kifuani, akanyamaza.

Kasian akainuka kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza nilimwona Kasian akimwinukia mtu.

"Karibu kwenye ukoo, Bi Fausta," akaninong'oneza. Halafu akamgeukia baba. "Nenda ukalale. Asubuhi lori litakuwa shambani kwako. Salamu yako sina haja nayo tena. Utampa mwingine."

Tulirudi nimemshika baba mkono. Karibu na nyumbani baba akauliza, "Umemwitikia?"

"Imenitoka, baba. Imenitoka tu."

Akavuta pumzi. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Asubuhi lori lilikuja kweli, miwa ikapakiwa yote. Dereva ndiye aliyetuletea habari kwamba Mzee Stefano amefariki usiku ule. Nilipokwenda kisimani, Mama Regina, rika la marehemu mama yangu, akatua ndoo na kupiga goti. Sikumngoja afungue mdomo. Nilikimbia na ndoo tupu.

Nikamkuta baba jikoni, amekaa karibu na moto, kikombe cha chai mkononi. Alinitazama kwa muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi. Kisha akatabasamu.

"Shikamoo."

Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Tangu hapo ni kila jioni. Mchana ni baba yangu yuleyule: analima, anagomba, anajua jina lake na langu. Yuko mzima kwa sababu sijamwitikia. Jua likizama anakuja, anasimama mbele yangu, ananiamkia, anangoja. Na mimi nang'ata kanga huku utamu ule unanijaa mdomoni, nameza mate, nameza tena.

Jana alilia. "Mbona huniitikii?" akaniuliza. "Nimekukosea nini?"

Nampenda baba yangu. Na nina njaa, njaa ambayo chakula hakiiondoi.

Leo nimejitazama kwenye kioo. Mvi zimeanza kuniota mbele hapa, na zimekaa vizuri. Nje giza linaingia. Namsikia baba anavua viatu mlangoni, anakohoa kidogo, kama anavyokohoa kila mara kabla ya kunisalimia.