Damu Kwenye Sare Nyeupe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pilipili alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, akaitia mashine mafuta na kupanga nyuzi. Jina la Pilipili alibandikwa na shangazi yake, na hakusingiziwa: alikuwa mwepesi wa kuwaka. Asubuhi hiyo aliwaka kabla hata ya kunywa chai, kwa sababu mama alikuwa amesukuma bakuli la uji kando.

"Mama, jana hukula. Leo pia huli?"

"Nitakula baadaye, mwanangu."

Baadaye hiyo Pilipili aliijua. Mama alikuwa mjamzito. Kichefuchefu cha miezi ya mwanzo kilimzoesha kufyonza peremende mchana kutwa akiwa anashona. Kichefuchefu kilikwisha, peremende hazikwisha. Sasa ufizi wake ulikuwa mwekundu, umevimba, na jino moja la nyuma lilimuuma hata shavu likatuna. Mswaki wake nao ulikuwa juu ya kabati, alikouficha shangazi.

Shangazi alikuwa amekuja kumsaidia wifi yake mpaka ajifungue. Alipika, alifua, na alitoa amri.

"Ukipiga mswaki damu inatoka, na damu hiyo ni ya mtoto," alisema. "Kila mimba huondoka na jino lake. Nitazame mimi!" Akapanua kinywa kuonyesha mapengo. "Na mjamzito haguswi na daktari wa meno. Vumilia, wifi. Mvumilivu hula mbivu."

"Atakulaje mbivu, na hata uji haupiti?" Pilipili akadakia.

"Funga mdomo! Wakubwa wanazungumza."

Mama aliinamia cherehani akaendelea kushona. Kuvumilia kwake ndiko kulikomchoma Pilipili zaidi. Alikwenda shule akipiga mawe teke njia nzima.

Jioni alirudi akamkuta muuguzi mmoja amekuja kuchukua sare yake nyeupe. Mama alikuwa anamalizia kifungo cha mwisho. Mkasi ulining'inia shingoni mwake, lakini mama, kama kawaida yake, aliuinamia uzi akaukata kwa meno. Muuguzi akaipokea sare, akaigeuza, akakunja uso.

"Fundi, mbona kuna damu hapa kwenye ukosi?"

"Nisamehe, dada. Nimejichoma sindano."

Pilipili alivitazama vidole vya mama. Vilikuwa vizima. Hasira ikampanda.

"Si sindano! Ni meno! Anatoka damu kila siku, hali, halali, na shangazi ameficha mswaki!"

"Mtoto huyu!" Shangazi akasimama. "Unaanika siri za nyumba mbele ya mteja?"

"Siri gani, shangazi, na mama anaumia? Mtoto tumboni atakula nini kama mama hali?" Machozi yalimtoka kwa ghadhabu.

Muuguzi aliiweka sare chini. Alimwongoza mama mlangoni kwenye mwanga, akamwomba afungue kinywa. Alipotazama, naye alikasirika.

"Fundi, hili si la kuvumilia. Jino limetunga usaha. Ukiliacha, ugonjwa unaweza kusambaa mwilini, ukakudhuru wewe na mtoto. Nani kakwambia mjamzito hatibiwi meno? Kesho asubuhi uje zahanati. Mwambie daktari wa meno una mimba, naye atachagua dawa inayokufaa."

"Akidhurika huko, utabeba lawama wewe," shangazi akamwambia.

"Na akidhurika hapa, lawama atabeba nani?" muuguzi akamjibu.

Kesho yake walikwenda wote watatu, shangazi akiwa amenuna. Mama alichomwa sindano ya ganzi, jino likang'olewa. Daktari wa meno akawaeleza kwamba mimba hufanya ufizi uvimbe upesi, na uchafu ukiganda kwenye meno ndio huufanya utoke damu. Mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, ndiyo kinga, si adui. Akitapika, asukutue kinywa kwa maji kwanza, angoje kama nusu saa ndipo apige mswaki. Peremende aziache.

"Na mtoto aliye tumboni hali meno ya mama yake," alimalizia.

Siku chache baadaye, mama alipokuwa akila sahani ya pili ya wali, shangazi aliweka kijiko chini.

"Nimekasirika," alisema. "Nimekasirika sana, na sijui nimgombeze nani. Kitindamimba wangu akikosea kidogo tu, humwambia, 'Wewe ulinila meno ukiwa tumboni, sasa unataka roho yangu.' Mpaka leo, ingawa ni mtu mzima, akinitazama nikicheka huinamisha macho."

Aliomba simu, akampigia mwanawe. Sauti yake ilikuwa kali kama kawaida, ila ilikuwa imelowa.

"Sikiliza, na usinikatize. Meno yangu hukuyala wewe. Niliyaacha mwenyewe yakaoza. Nisamehe, mwanangu."

Alipoweka simu, alimgeukia Pilipili.

"Maneno haya niliyarithi kwa mama yangu, naye kwa mama yake, na hakuna aliyewahi kuuliza kama ni kweli. Wewe jambo la afya usilimeze tu kwa sababu mkubwa kalisema. Muulize anayelijua. Na ukiona mtu wako anaumia, sema, hata mkubwa akikunja uso." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Ila mimi usinipigie kelele tena. Uliza kwa adabu."