Pumzi Kwenye Traki Tupu

Enyi mlioketi mbele yangu, wakubwa kwa heshima zenu na wadogo kwa subira yenu, naanza kwa kuwaomba radhi. Nilifundwa kupima maneno kwa mizani na kuyafunga kwa vina, lakini jambo hili limekataa kukaa ndani ya beti. Nimelitia humo mara nyingi, nalo likapasua kuta likatoka. Basi nitalisema kwa lugha ya mjazo, nanyi mnivumilie nitakaposita.

Ilikuwa Jumanne, siku kama siku nyingine, jua limeingia hadi katikati ya zulia. Mtayarishaji mmoja wa muziki alikuwa kazini katika chumba cha nyuma cha nyumba yao, chumba alichokipigilia magodoro ukutani ili sauti zisidunde. Watu walimwita Fundi. Mbele yake palikuwa na kompyuta mbili: ya zamani, iliyoitwa Bi Kizee kwa jinsi feni yake ilivyokohoa, na mpya, nyeusi, kimya kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Mwimbaji wake mkuu alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Kwa wingi wa maneno yake walimwita Chiriku. Alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma, akaacha nyimbo tisa ambazo hazijatoka, zote ndani ya Bi Kizee. Kila alasiri mama yao aliingia chumba kile, akavua kandambili mlangoni, akaketi, akavaa hedifoni. Picha hakuzitaka, alisema zinamkodolea macho bila kumwambia kitu. Alitaka sauti, na zaidi ya zote aliutaka wimbo wa tisa, ambao Chiriku aliutunga mwenyewe:

Nikikuita itika, njoo nikiwa nyumbani,
sauti hii hutoka, haikai kifuani,
ikishapita ni nyika, huipati kwa jirani;
nikikuita itika, kesho sijui ni lini.

"Mwanangu," mama alimwambia Fundi asubuhi ile, "hama na vyote utakavyo. Ila sauti ya mwanangu usiiguse vibaya. Sina nyingine."

"Mama, hii ndiyo kazi yangu."

Kuhama kompyuta si kubeba begi. Kwanza ni plagini, zile programu ndogo zinazotia mwangwi, zinazolainisha koo, zinazojifanya ngoma na kinanda. Kila moja ina leseni yake, na leseni haikubali wake wenza: lazima uitoe mashine ya zamani ndipo ikubali mpya. Kisha ni projekti. Projekti ya wimbo ni ramani tu. Inaonyesha sauti ipi ikae wapi na ipambwe vipi, lakini sauti zenyewe hukaa folda nyingine. Kuna kitufe cha kukusanya vyote mahali pamoja. Huchukua muda mrefu. Fundi hakukibonyeza.

Alinakili projekti tisa kwenye diski ya nje, na kwa kuwa alijiona mwangalifu, akazijaribu. Lakini alizijaribu akiwa ameichomeka diski ile kwenye Bi Kizee, na zote tisa zikaimba vizuri. Zingeachaje kuimba? Ramani ilikuwa bado ndani ya nyumba yake, na sauti zenyewe zilikuwa humo humo.

Fundi wa kompyuta aliyekuja kuchukua mashine ya zamani ili aivunje vipuri alisimama mlangoni.

"Kaka, umekusanya na sauti, au umebeba ramani ukaacha nyumba?"

"Wewe shughulika na skrubu zako. Muziki niachie mimi."

"Haya. Mjuaji hafundishwi, hufunzwa na ulimwengu."

Wakacheka. Fundi akaifuta Bi Kizee kwa programu ya kufuta kabisa, ile isiyoacha hata jivu, ikabaki kama sahani iliyorambwa.

Alhamisi akafungua wimbo wa tisa kwenye mashine mpya. Ngoma zikaja, kwa kuwa ngoma zilitoka kwenye plagini. Kinanda kikaja. Traki za sauti, ile mistari ya kwenye kioo inayobeba kila sauti, zilikuwa zimepauka rangi ya majivu, na juu yake maandishi: *Faili kumi na nne hazijapatikana.* Mashine ikamuuliza kama imtafutie. Akakubali. Ikatafuta diski nzima. Haikupata kitu.

Alikimbia hadi kwa fundi wa kompyuta bila viatu.

"Uliifuta kwa programu gani?" Akatajiwa. Yule mtu akaweka bisibisi mezani. "Basi kaka. Ningekudanganya ningekuwa nakutesa."

Alasiri mama alikuja, akavua kandambili.

"Mama, mashine bado inazoea. Njoo Jumamosi."

"Mashine nazo huzoea? Haya, baba."

Hapo, mabibi na mabwana, ndipo alipotenda jambo ambalo sijui niliite uchawi au niliite woga. Ipo plagini ya kuiga sauti. Unaipa kipande cha mtu akizungumza, nayo inakuimbia lolote kwa koo lake. Fundi alikuwa na ujumbe mmoja wa sauti wa Chiriku kwenye simu, wa sekunde arobaini, akimtania: "Kaka, wewe ukifa tutakuzika na hedifoni zako, malaika wakikuuliza utasema subirini nimalize miksi!" Akauchukua mzaha ule. Akailisha plagini. Ikaimba beti zote.

Jumamosi mama alisikiliza hadi mwisho. Akaomba urudiwe.

"Mbona hapumui?"

"Nini, mama?"

"Mwanangu alivuta pumzi kabla ya kila mstari. Ilisikika. Huyu hapumui."

"Nimezisafisha. Pumzi ni uchafu kwenye wimbo, mama. Sote huzikata."

"Uchafu," mama akarudia, akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu kama anayeweka yai.

Jumatatu mchana Fundi alifungua projekti ili arekebishe. Wimbo ulianza. Kabla ya mstari wa kwanza, mtu alivuta pumzi.

Akasimamisha. Akarudisha nyuma. Akasikiliza.

Pumzi.

Alidhani ni plagini. Akaitazama, haikuwa na kitu pale. Akatafuta chanzo, traki kwa traki, akizizima moja moja. Ngoma kimya. Kinanda kimya. Plagini kimya. Kila kitu kilikuwa kimya, ila traki moja ya majivu, isiyo na faili ndani yake, ambayo kipimo chake cha kijani kilipanda, kikashuka. Kikapanda. Kikashuka.

Akaifuta traki. Akafungua wimbo wa nane. Ilikuwepo.

Akafungua projekti mpya kabisa, nyeupe, isiyo na wimbo. Traki moja ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Jina lake lilikuwa *Kaka.*

Aliiondoa plagini ya kuiga, pamoja na mizizi yake. Akachomoa maikrofoni. Akachomoa spika. Pumzi ikaendelea kwenye hedifoni zilizolala mezani, ndogo, kama mdudu ndani ya kiberiti. Sasa hazikuwa tena pumzi za mtu anayetaka kuimba. Zilikuwa nzito. Zilikwaruza. Kati ya moja na nyingine palikuwa na kimya kirefu, na kila kimya kilikuwa kirefu kuliko kilichotangulia.

Hakusikia mlango. Mama alikuwa amekwisha kuingia. Safari hii hakuvua kandambili.

"Nipe," akanong'ona.

"Mama, usisikilize. Imeharibika."

Akazichukua mwenyewe, akazivaa, akafumba macho. Jua lilikuwa kali dirishani. Nje, mtu alikuwa akigongagonga bati.

"Hii naijua."

"Mama..."

"Wiki ile aliyotuacha, alianza kupumua hivi Alhamisi, saa nne asubuhi. Nikakupigia, ukakata. Nikakupigia tena, ukaniandikia uko sesheni. Ijumaa akauliza, kaka yuko wapi? Nikamwambia yuko njiani. Nilimdanganya mwanangu kwa ajili yako."

"Nilidhani atapona. Mama, naapa nilidhani..."

"Nyamaza. Anavuta nyingine."

Fundi alitazama kioo cha kompyuta kwa kuwa hakuweza kumtazama mama. Dirisha dogo lilikuwa limefunguka hapo bila mkono wa mtu kugusa kipanya. Lile la kutafuta. Halikusema tena faili kumi na nne. Lilisema: *Faili moja imepatikana.*

Mama akaomba asomewe. Fundi akasoma. Urefu: saa sitini na moja na dakika tisa. Tarehe ya kurekodiwa: ile Alhamisi ya Chiriku. Kompyuta hiyo mpya, siku hiyo, ilikuwa bado haijatolewa ndani ya boksi lake.

Mama alitoa simu yake mfukoni mwa gauni. Hajawahi kufuta chochote humo. Akamwonyesha simu ya kwanza aliyompigia, saa nne na dakika mbili. Kisha akahesabu kwa vidole, bila haraka, hadi Jumamosi ile, saa tano na dakika kumi na moja za usiku, wakati daktari alipofunika uso wa Chiriku kwa shuka. Hakukosea hata dakika.

Tangu siku hiyo Fundi hakukamilisha wimbo tena. Waimbaji walikataa, kwa kuwa kila alichokirekodi kilianza kwa mtu kuvuta pumzi. Sasa anauza vipuri vya pikipiki, na akiwa dukani huacha redio wazi mchana kutwa. Mashine ile nyeusi haijazimwa. Waliokuja kuichunguza waliiona faili kwa macho yao. Hainakiliki, haifutiki, na haionyeshi imekaa folda gani.

Mama ameisikiliza, saa moja kila alasiri, siku sitini. Saa ya mwisho na dakika zake tisa hakuifungua. Anasema hiyo si yake. Yeye alikuwapo, aliisikia mara ya kwanza. Ni ya yule ambaye hakuja. Hedifoni zipo juu ya meza, zimefutwa vumbi, zinamngoja, na ukipita karibu nazo utahisi kama unasikia kitu, kisha utajiambia hukusikia.

Nami naishia hapo, kwa kuwa sijui zaidi. Aliyenisimulia haya kwanza ni huyo mama mwenyewe, ambaye mimi namwita bibi. Baba hajanisimulia neno hata moja, na hupita mbele ya chumba kile akiwa ameziba masikio.