Nilimwita Kalala Mwizi, Disketi Ikiwa Ndani ya Droo Yangu

Nina miaka thelathini, sijaoa, nafanya kazi ofisini hapa Likasi. Haya ninayowaandikia yalitokea nikiwa na ishirini na sita, nimetoka chuo kikuu Lubumbashi na diploma mpya. Wasomaji wenzangu, mnichukie mkitaka... Mimi mwenyewe nilianza zamani.

Kampuni moja ya usafirishaji ilituchukua wawili kwa majaribio: mimi na Kalala, niliyesoma naye, na ambaye kwa mama yake nilikula miaka mitatu. Angebaki mmoja. Kazi yetu ilikuwa kuandaa seva mpya, kompyuta nzito yenye prosesa mbili, yaani bongo mbili, ya kutunza orodha ya vipuri vyote vya malori.

Kalala ndiye aliyetumwa kuileta kutoka Lubumbashi. Mnajua barabara ilivyokuwa! Kila kizuizi askari walifungua mizigo na kuchagua. Basi watu walizoea kuchomoa kitu cha maana na kukisafirisha mbali na mashine yake. Kalala alichomoa kadi yenye prosesa ya pili, akaifunga kwa plastiki, akaizika katikati ya mfuko wa unga wa mahindi. Pale Kapolowe askari walikaa juu ya mfuko ule wakivuta sigara! Alitusimulia akicheka mpaka machozi. Mimi pia nilicheka.

Kadi ikarudishwa mahali pake, nikaanza kuweka mfumo wa kuiendesha mashine. Disketi moja baada ya nyingine. Umeme ukikatika, unarudi mwanzo. Nilipomaliza niliiuliza mashine ina prosesa ngapi. Ikajibu: moja.

Nikafuta, nikaweka tena. Moja. Nikaichomoa kadi, nikaipangusa unga, nikairudisha. Moja!

Siku nne... Na kila asubuhi mashine ilipowaka, kabla mfumo haujaanza, yenyewe iliandika kwenye skrini kwamba imeona mbili. Nilisoma kwa macho yangu. Lakini kichwa changu hakikukubali jambo rahisi. Nikawaza: kadi ni nzima kwa nje, imekufa ndani. Nani alikuwa nayo peke yake njia nzima? Kwa nini alicheka sana? Viatu vile vipya alivitoa wapi?

Ilikuwa miaka ile watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipokuwa wanafukuzwa mjini. Kalala alizaliwa hapa hapa, baba yake alifia kazini kiwandani, lakini jina lake lilitosha. Mimi nilijua neno moja tu lingeweza kumfanya nini. Nasema wazi: nilijua!

Siku ya tano chef, mkuu wetu wa kazi, aliniuliza, mbele ya mafundi wa gereji, kwa nini mashine haifanyi kazi. Ningeweza kusema sijui. Nikasema Kalala amebadilisha kadi, ameuza ile nzuri.

Chef hakushangaa. "Banakasai njo vile," alisema, kana kwamba watu wote wa Kasai ni wezi. "Weye ulikuwa unangojea nini?"

Mafundi wakacheka. Kalala alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Weye unanijua," aliniambia polepole. "Juu ya nini haukuniuliza mbele?"

Siku nne zote sikuwa nimemwuliza yeye kwanza, hata mara moja. Mchana ule ule habari ilifika mtaani, na vijana waliokuwa wanafukuza watu waliingia kwa mama yake, wakang'oa mabati, wakamwambia mama wa mwizi arudi kwao. Kwao wapi?

Chef akataka ripoti ya maandishi. Ili iwe kali, nikachukua kitabu cha mfumo, cha Kiingereza, pamoja na kamusi, nikakisoma kutoka mwanzo. Ndiyo, kwa mara ya kwanza! Ukurasa mmoja ulieleza kwamba mfumo ule hutumia prosesa moja tu, hata kama mashine ina mbili. Ya pili haihesabiwi mpaka uongeze disketi ya mwisho, iliyo katika bahasha yake peke yake. Bahasha hiyo ilikuwa ndani ya droo yangu. Nilidhani ni disketi ya akiba...

Nikaiweka. Nikauliza tena. Mbili.

Nilikimbia mpaka stesheni, ambako waliofukuzwa walikuwa wanangojea treni ya kwenda Kasai. Watu walikuwa wamejaa na magodoro, sufuria, hata milango waliyoing'oa nyumbani. Kalala alikuwa amemkalisha mama yake juu ya sanduku. Nilieleza yote nikilia. Mama yake aliniuliza kama nimekula. Nilitamani anipige!

Kalala hakuniangalia. "Usilombe musamaha kwangu," alisema. "Enda useme kule ulisemea, na sauti ile ile."

Nikarudi. Mafundi walikuwa pale pale gereji. Nikawapita. Nikamwomba chef tufunge mlango, nikamwambia kwa sauti ya chini. Alisema mtu amekwisha kwenda, mashine inatembea, kazi ni yangu. Akanisogezea mkataba.

Nikatia sahihi.

Nilipokuwa natoka, fundi mmoja aliniuliza kama mwizi alirudisha kadi. Nikasema ndiyo.

Ndiyo! Hata baada ya kujua! Mama yule hakufika Kasai. Mtu aliyesafiri nao aliniambia walimzika kando ya reli.

Ninyi vijana wenye diploma, nawasihi: ukiwa hujui, sema hujui. Na ukimchafua mtu mbele ya watu, msafishe mbele ya watu hao hao, angali hapo. Msiseme muda haukutosha, kama ninavyowaambia wanaoniuliza. Treni ile ilikaa stesheni siku sita zaidi... na siku zote sita mimi nilikwenda kazini.