Maji Yanakwenda Wapi?

Kila asubuhi mume na mke walipakia madebe ya maziwa kwenye lori lao. Mume alikuwa dereva, na watu walimwita Dereva tu. Mke alikagua maziwa na kufunga vifuniko. Huyo walimwita Mama Madebe. Maziwa yalikuwa ya wafugaji thelathini. Yalipaswa kufika kwenye kituo cha kupozea maziwa kabla ya saa nne. Yakichelewa, yanaganda.

Mwezi huo Dereva alikuwa na kazi ya ziada. Kila siku kabla ya safari alifungua rejeta na kumimina maji. Rejeta hupoza maji yanayozunguka ndani ya injini.

"Jana uliongeza maji. Leo tena?" mkewe aliuliza.

"Lori letu lina kiu kuliko ng'ombe," Dereva alijibu akicheka.

"Ng'ombe akinywa, anatoa maziwa. Lori linatoa nini? Haya maji yanakwenda wapi?"

Dereva aliinama, akachungulia chini. Ardhi ilikuwa kavu. "Unaona? Halivuji. Tuondoke."

Jumatano, katikati ya kilima, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye alama nyekundu. Mvuke ukafuka mbele. Dereva alisimamisha lori, akashuka mbio na kitambaa mkononi.

"Subiri injini ipoe!" mkewe alimwita.

"Maziwa hayasubiri!"

Akazungusha mfuniko wa rejeta. Maji yanayochemka yaliruka na kumwagikia mkono, toka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Dereva alipiga yowe.

Mama Madebe alichukua dumu la maji safi. Aliyamimina taratibu juu ya ule mkono. Mpita njia mmoja alisema, "Mpake dawa ya meno."

"Hapana. Maji ya baridi kwanza, kisha zahanati," alijibu. Aliendelea kumimina kwa dakika ishirini. Dumu lilipoisha, aliomba jingine nyumba ya jirani.

Zahanati mkono ulifungwa bandeji, na lori likavutwa hadi nyumbani. Maziwa yaliganda yote. Jioni walipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Mjane mmoja hakuwakemea. Alisema tu, "Mimi ng'ombe wangu ni mmoja, wanangu." Maneno hayo yaliwachoma kuliko matusi.

Kesho yake mdogo wake Dereva alikuja na pakiti ya manjano yenye unga.

"Mwagia hii kwenye rejeta, kaka. Itaziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta!"

"Huo ufa wenyewe uko wapi, shemeji?" Mama Madebe aliuliza.

Shemeji aliinama kuchungulia chini ya lori.

"Basi tuutafute kwanza. Lori hili haliondoki hapa mpaka nijue maji yanakwenda wapi. Maziwa ya leo yamepata gari la jirani. Tuna siku nzima."

Alivuka barabara na kumwita jirani yao. Mama huyo alikuwa fundi wa mabasi kwa miaka mingi. Kwa kuwa miwani yake haikumtoka usoni, jina lake lilikuwa Fundi Miwani. Alipoiona pakiti ya manjano, alitikisa kichwa.

"Rejeta ina njia nyembamba sana ndani. Unga utaziba njia hizo, na tundu litabaki wazi. Dereva, nipe kijiti cha kupimia oili."

Dereva alikichomoa kwa mkono mzima. Fundi Miwani alikitazama kwenye mwanga.

"Oili ni safi. Maji yangeingia humu, ingefanana na chai ya maziwa. Je, lori linatoa moshi mweupe kwa muda mrefu?"

"Hapana, dada."

"Vizuri. Basi maji hayaungui pamoja na mafuta; huenda yanatoka nje. Injini imepoa?"

"Haijawashwa tangu jana."

"Hapo sasa unaweza kufungua mfuniko. Injini ikiwa ya moto, usiuguse, hata kama mkwe wako yuko ndani ya gari."

Walicheka, hata Dereva mwenye maumivu. Walijaza maji. Kisha fundi alifunga pampu ndogo yenye mshale wa kupima msukumo mahali pa mfuniko.

"Maji yakipata moto husukuma kwa nguvu," alieleza. "Pampu hii inasukuma vilevile bila moto. Kama hakuna tundu, mshale utatulia."

Alipampu. Mshale ulipanda, ukasimama. Kisha ukaanza kushuka polepole.

Walitandaza makaratasi makavu chini ya lori. Hakuna tone lililoanguka. Walipapasa rejeta, pampu ya maji na mipira yote ya mbele inayopitisha maji. Vyote vilikuwa vikavu. Saa nzima ilipita. Shemeji aliaga.

"Labda tubadilishe rejeta tu," Dereva alisema kwa uchovu.

"Rejeta ni kavu," mkewe alijibu. "Mshale unasema maji yanatoka. Ni sisi ambao hatujaona. Wapi hatujatazama?"

Fundi Miwani alielekeza kidole nyuma ya injini. Hapo palikuwa na nafasi nyembamba, yenye giza, kati ya injini na ukuta wa kabini. "Mkono wangu haupiti hapo," alisema.

"Wangu utapita," alisema Mama Madebe.

Alivua saa yake, akakunja mikono ya gauni na kupanda juu ya bampa. Fundi alimpa tochi na kioo kidogo chenye mpini mrefu. Alijinyoosha mpaka shavu likagusa chuma. Jasho likamwingia machoni. Aligeuza kioo huku na huku.

"Naona doa jeupe. Gumu kama chumvi."

"Hiyo ni alama ya maji yaliyokauka. Lakini usiishie hapo. Maji hutiririka kwenda chini. Fuata doa kwenda juu."

Kioo kilipanda kidogokidogo. Mama Madebe akakisogeza karibu zaidi. Kisha akapiga kelele, "Nimeliona! Kuna mpira mfupi. Chini yake kuna tone. Linaanguka kwenye kishimo juu ya injini!"

"Ndiyo maana ardhi ni kavu," fundi alisema. "Maji yanajikusanya kwenye kishimo. Injini ikipata moto, yanageuka mvuke."

Mama Madebe alikaza kibano cha mpira ule. Walipampu tena. Mshale ukashuka tena.

"Ondoa mpira wote," fundi aliamua.

Haikuwa rahisi. Mara mbili spana ilianguka ndani, mara mbili waliivua kwa sumaku. Mpira ulipotoka, Dereva aliukunja. Upande wa chini ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Kitu kidogo hivi," alisema, akiutazama mkono wake wenye bandeji.

Waliweka mpira mpya na kibano kipya. Walipampu, wakakaa kwenye madebe matupu kusubiri. Nusu saa ilipita. Mshale haukutikisika. Walijaza maji yenye dawa ya kupozea, ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha lori. Kisha waliwasha injini na kutoa hewa iliyobaki ndani.

Kesho yake walipanda kilima wakiwa na shehena kamili. Mama Madebe hakuondoa macho kwenye mshale wa joto. Ulibaki katikati. Saa tatu na nusu mpimaji wa kituo alionja, akapima, akasema, "Mazuri. Shusha."

Mkono wa Dereva ulipona baada ya wiki kadhaa. Sasa, kila asubuhi kabla injini haijawashwa, mke hufungua boneti na kukagua kiasi cha maji na mipira yote, mbele na nyuma. Mume husimama kando yake, ameshika tochi.

"Juu kidogo," mke humwambia.

Naye huinua tochi.