Kibuyu Alichokinywa Shutu

“Umekunywa, Shutu.”

“Nilionja tu.”

“Kuonja gani huko? Nilikuwa nimesimama pale na sufuria mkononi. Umevuta mrija mpaka mashavu yakaingia ndani.”

Shutu aliokota nyundo ya mbao akaanza kugonga kigingi cha hema, kigingi ambacho alikuwa amekwisha kukigonga asubuhi. Mtu akikosa la kusema hutafuta cha kugonga.

Ilikuwa Jumapili alasiri, mwaka wa sitini na tisa, juu ya milima ya Shimba, kwenye kambi ya Bwana Mwinyihaji. Wageni waliletwa kutoka hoteli za Diani na Galu, wakalala siku mbili ndani ya mahema, wakaona palahala na ndovu, kisha wakateremshwa pwani wakiwa na furaha na vumbi. Shutu ndiye aliyesimamisha mahema. Kahaso ndiye aliyepika. Mpaka leo Kahaso alikuwa hajaelewa kwa nini mtu mwenye kitanda chake aje kulala chini kwa hiari.

Sasa jambo lenyewe. Shutu na Kahaso ni mume na mke. Walioana kwao Kinango, mahari yakatolewa, ngoma ikapigwa, watu wakala wakashiba. Lakini pale kambini hakuna aliyelijua hilo. Miaka mitatu nyuma ukame ulimmalizia Shutu ng'ombe, wakapanda mlima kutafuta kazi. Bwana Mwinyihaji alikuwa na sharti moja: mume na mke hawachukui, kwa sababu wawili wa mwanzo walirushiana masufuria mbele ya wageni. Alipouliza, “Na huyu mwanamke ni nani wako?” Shutu alijibu bila kumeza mate, “Dada yangu.”

Siku hiyo Kahaso alicheka. Hakulicheka tena neno hilo.

“Ungefanya nini wewe?” Shutu aliuliza huku akigonga. “Mzee Jefwa ameshatoa maneno yake. Bwana Mwinyihaji amekaa kitini ananitazama. Kaingu ananitazama. Nikikataa nitatoa sababu gani?”

“Ile ya kweli.”

“Tufukuzwe kazi?”

“Shutu, umemwoza mkeo ili usifukuzwe kazi ya kugonga vigingi.”

Na hakuwa amezidisha. Kaingu, askari wa wanyama kutoka Mkongani, kijana mpole, alikuwa amemuuliza Shutu mara tatu kama dada yake ana mtu. Mara tatu Shutu alisema hana. Basi Kaingu akafanya mambo kama yanavyofanywa kwao, akamleta Mzee Jefwa, nduguye baba yake, pamoja na kibuyu cha tembo la mnazi. Kibuyu cha kwanza mwenye nyumba akikinywa, amefungua mlango. Jumamosi kingekuja cha pili, na hapo mwanamke angeulizwa mbele ya watu: tulinywe, tusilinywe? Akisema linyweni, ameondoka.

“Halafu baba yangu umemzika lini?”

“Baba yako?”

“Nilikusikia ukimwambia Mzee Jefwa kwamba mzee wetu amefariki, na wewe ndiye mkubwa wa nyumba. Baba yangu yuko Kinango anachunga mbuzi. Hana habari kuwa ni marehemu.”

“Maneno yalinitoka.”

“Ya uongo ndiyo yanayokutoka. Ya kweli hata kwa koleo hayavutiki.”

Akaingia hema la jikoni, akaangusha turubai la mlango.

* * *

Jumanne, Sefu dereva alipanda na unga, viazi na barua. Barua ilikuwa ya Kahaso. Kahaso hakujua kusoma, na Shutu alijua. Angeweza kungoja Sefu aondoke. Hakungoja.

“Kaka,” alisema kwa sauti, “nisomee.”

Shutu alifuta mikono kwenye suruali, akaifungua.

“*Kwa Kahaso. Salamu nyingi. Mimi ni mzima, sijui hali yako.*” Akameza mate. “*Tangu Jumapili silali vizuri.* Basi. Ndiyo hivyo.”

“Ndiyo hivyo nini?” Sefu alichungulia begani. “Mbona mistari bado imejaa? Msomee dada wa watu.”

“Endelea, kaka,” Kahaso alisema.

“*Naona unavyopanda kutoka kijitoni na ndoo kichwani mara nne kwa siku. Naona umechoka. Ukija kwangu Mkongani, maji yako karibu na mlango. Sitakutoa nyumbani kwenda kupikia watu. Jibu lako lolote nitalipokea, lakini nataka ulitoe wewe mwenyewe, si kaka yako. Ni mimi, Kaingu.*”

Sefu alipiga mluzi. “Huyo ni mwanamume! Shutu, umepata shemeji.”

Shutu aliikunja karatasi vibaya, akampa mkewe. Kahaso aliikunjua, akaikunja tena vizuri pole pole, akaitia kwenye pindo la kanga.

“Unaitunza?” Shutu aliuliza, Sefu alipokwenda kushusha magunia.

“Wewe umewahi kuniandikia nini?”

Wivu ukamkaba Shutu. Siku nzima alitembea kama mtu aliyemeza jiwe, lakini Mwinyihaji alipomwita, “Shutu, dada yako ameshaandaa chakula?” alijibu, “Ameshaandaa, Bwana.”

* * *

Alhamisi alimfuata kijitoni. Maji ya huko ni baridi, na ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umekaa juu ya miti. Kahaso alikuwa anajaza ndoo.

“Nimefikiri,” Shutu alianza.

“Pole.”

“Sikiliza. Jumamosi ukiulizwa, sema hutaki. Neno moja tu. Mwanamke akikataa hakuna wa kumlazimisha. Kaingu ataondoka, kazi yetu itabaki, mambo yatakwisha.”

Kahaso aliweka ndoo chini. Alimtazama usoni, naye Shutu akatazama ndoo.

“Kwa hiyo wewe ulinywe, mimi nilitapike.”

“Kahaso, ni neno moja.”

“Basi liseme wewe! Kama ni jepesi hivyo, liseme wewe. Miaka mitatu nalala na magunia ya viazi, wewe unalala langoni kama mlinzi. Miaka mitatu, tukienda nyumbani, mama yako ananitazama tumbo kabla hajanitazama uso. Ananiuliza, ‘Mwanangu, una nini?’ Nimwambie nini? Nimwambie mimi ni dada wa mwanao?”

“Nafanya kwa ajili ya ng'ombe. Tukipata wengine, tutarudi.”

“Ulisema hivyo mwaka wa kwanza.”

“Nimechoka, Kahaso.”

“Hata mimi nimechoka. Tofauti ni kwamba kuna mtu aliyeona nimechoka.” Alijitwisha ndoo mwenyewe, hakungoja kusaidiwa. “Jumamosi wataniuliza. Sijui nitajibu nini, nakuambia kweli. Lakini sitakukatalia watu uliowakaribisha wewe.”

Akapanda. Shutu alibaki pale mpaka miguu ikaingia baridi.

* * *

Jumamosi saa nne wageni walipelekwa na Sefu kutafuta ndovu. Chini ya turubai kubwa la kulia chakula walikaa wanne: Mzee Jefwa, Kaingu ndani ya shati lililopigwa pasi, Bwana Mwinyihaji aliyepanda kutoka Msambweni na kanzu yake nyeupe, na Shutu. Mwinyihaji hakuwa mtu wa kunywa tembo, ila alikuwa amefurahi.

“Mimi kinywaji chenu hakinihusu,” alisema, “lakini jambo la heri nitalishuhudia. Dada yetu huyu ametufanyia kazi kwa uaminifu. Allah amjaalie nyumba njema.”

“Amina,” alisema Mzee Jefwa. Akaweka kibuyu katikati. “Mwanangu Kahaso, njoo.”

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Unakiona kibuyu hiki? Kaka yako alikinywa cha kwanza. Hiki ni chako. Nakuuliza mbele ya watu hawa: tulinywe, tusilinywe?”

Kahaso alisimama. Hakumtazama Kaingu wala Mwinyihaji. Alimtazama Shutu, na macho yake hayakuwa na hasira. Afadhali yangekuwa nayo. Yalikuwa macho ya mtu aliyefika mwisho wa nguvu zake, ambaye jibu lolote litakalomfikisha kwenye kitanda atalitoa.

“Mwanangu?” Mzee Jefwa alirudia.

Kahaso alifungua mdomo.

“Msilinywe,” alisema Shutu.

Watu wote wakageuka.

“Hukuulizwa wewe,” alisema mzee.

“Najua. Mzee, nisamehe. Msilinywe. Huyu si dada yangu.” Alikuwa amesimama, nyundo ya mbao mkononi, wala hakujua ameishikia nini. “Ni mke wangu. Tulioana Kinango. Baba yake yuko hai.”

“Astaghfirullah!” Bwana Mwinyihaji aliinuka kitini. “Shutu! Miaka mitatu mnakula chumvi yangu, na kila siku nasema dada yako, dada yako, nawe unaitikia?”

“Ulisema hutaki mume na mke, Bwana.”

“Nilisema sitaki ugomvi! Wewe umeniletea nini hiki?”

Kaingu hakupiga kelele. Alisogea mpaka mbele ya Shutu.

“Nilikuuliza mara tatu.”

“Uliniuliza.”

“Barua yangu. Sefu aliniambia wewe ndiye uliyemsomea.”

“Ni mimi.”

“Na ulisoma yote? Pale niliposema amechoka?”

“Nilisoma.”

“Ukasoma, ukaikunja, ukarudi kwenye mahema yako.” Kaingu alitikisa kichwa. “Ningekupiga, lakini naona haya kwa ajili yako.”

Maneno hayo yalimwingia Shutu kuliko kofi. Machozi yalimtoka mbele ya wanaume, hakuyafuta.

“Kaingu,” Kahaso alisema. “Kosa si lake peke yake. Mimi nilinyamaza, nikakuacha ukaja. Nisamehe. Barua yako ilikuwa nzuri.”

“Nilichoandika ni kweli,” alisema Kaingu. Akachukua kofia yake ya kazi, akaaga wazee, akashuka njia ya lango bila kugeuka.

Mzee Jefwa alikinyanyua kibuyu. “Hiki tunarudi nacho. Na kile cha Jumapili utakirudisha, Shutu, mbele ya baba yake Kahaso, ambaye nasikia amefufuka. Mimi nitakuwapo.”

“Nitakirudisha, mzee.”

Bwana Mwinyihaji alizunguka turubai mara mbili, tasbihi mkononi, mpaka hasira ikapungua.

“Mwongo simweki,” alisema. “Shutu, ushuke leo. Wewe Kahaso, kama wataka, baki. Mpishi kama wewe sipati, na wageni wa Jumatatu wako njiani.”

Shutu aliinamisha kichwa. Hili hakulitazamia.

“Ahsante, Bwana,” alisema Kahaso. “Lakini mpishi amechoka.”

* * *

Sefu aliwashusha hadi njia panda ya Kwale. Kutoka hapo walitembea, wakalala kwa jamaa, wakatembea tena. Maneno yalikuwa machache.

“Umenisamehe?” Shutu aliuliza mara moja.

“Usiniulize barabarani.”

“Nitakuuliza wapi?”

“Nataka kulala, Shutu. Nilale mpaka nichoke kulala. Mengine sijui.”

Walifika Kinango Jumapili magharibi, na Jumatatu jua lilipopanda Kahaso hakuamka. Saa tatu ikapita. Saa nne. Shutu alikaa kizingitini, anatengeneza mpini wa jembe, hana ng'ombe wala kazi. Mama yake alikuja na kata ya maji mkononi, akasimama uani.

“Mke gani huyu anayelala jua lote hili? Kule kambini mlikuwa mnaamka saa ngapi?”

“Saa kumi, mama.”

“Basi mwamshe atwange. Nyumba haina unga.”

Shutu aliweka jembe chini, akainuka.

“Nitatwanga mimi.”

“Wewe?” Mama aliangua kicheko. “Watu watasema nini?”

“Waseme. Mimi ndiye niliyemchosha mke wangu, mama. Mwache alale.”

Alisema kwa sauti kubwa, mpaka jirani aliyekuwa akichambua mchicha akainua kichwa. Mama alimtazama mwanawe, akaacha kucheka, akaenda mwenyewe kutafuta mchi.

Ndani ya nyumba Kahaso hakuwa amelala. Alisikia yote. Shutu alipochungulia, hakufumbua macho. Alisogea tu upande wa ukutani, akamwachia nafasi.